Kasi hakuwa na kosa

Msomaji, kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri, ukatoka chumbani na soksi tupu ukipapasa ukuta kutafuta swichi ya taa, mara mguu ukalowa chapa katikati ya sebule, basi hujawahi kufuga mbwa katika nyumba ya kupanga. Mimi nimelowa. Nimelowa mara nyingi hivi kwamba hata leo, ingawa mambo yamebadilika, natembea sebuleni kwangu kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Kisa chenyewe kilianzia Rukanga. Kwa wasiopajua, Rukanga ni kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta. Ukitoka Nairobi kwa basi la Mombasa unaipita Voi, unashuka Maungu, kisha unaifuata barabara ya vumbi jekundu kupitia mashamba makubwa ya mifugo mpaka mlima unakusimamia usoni. Mbuga ya Tsavo Mashariki iko upande mmoja, Tsavo Magharibi upande mwingine, na ndovu hupita katikati kama watu waendao sokoni. Huko ndiko kwetu, na huko ndiko anakoishi mama yangu hadi leo.

Kwetu mbwa hafugwi awe pambo. Kazi yake ni kubweka ndovu wanapoyakaribia mahindi na chui anapolinusa banda la mbuzi. Mshahara wake ni ukoko wa ugali. Kuingia ndani ya nyumba hajui, na akijaribu atakutana na ufagio. Mbwa wa mama anaitwa Watasema, jina ambalo, kama ilivyo desturi ya majina mengi ya mbwa, halikukusudiwa mbwa bali majirani.

Basi Krismasi ya mwaka 2023 tulipokwenda kumwona mama, tulimkuta Watasema amezaa watoto watano nyuma ya jiko. Kijana wetu, wakati huo akiwa na miaka saba, alikaa na vilebu wale kutwa nzima. (Kilebu, kwa wale ambao wamelisahau somo la mwalimu wa Kiswahili, ni mtoto wa mbwa.) Siku ya kuondoka alimkumbatia mmoja, mweusi mwenye bato jeupe kifuani, akakataa katakata kumwachilia.

"Bado ananyonya," mama alinionya. "Ana wiki tano tu. Mwacheni, mje mumchukue Pasaka."

Nilimjibu kwamba likizo imekwisha na mtoto atalia njia nzima. Tukamtia kilebu ndani ya katoni ya sabuni, tukaitoboa matundu, tukapanda basi. Kabla hatujafika Mtito Andei kijana alikuwa ameshampa jina: Kasi, kifupi cha Kasigau.

Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, upande wa Eastlands jijini Nairobi. Vyumba viwili, sakafu ya vigae, roshani ya kuanikia nguo. Majirani walipomwona Kasi walicheka kwa mkono mdomoni. Mmoja alimwambia mama watoto kwamba sasa tumeanza uzungu. Nilijifanya sikusikia.

Kumfunza Kasi kwenda haja niliona ni kazi ndogo. Nilitandaza kurasa za gazeti hili hili kwenye pembe ya sebule. Akikosea, nilimshika shingo, nikamsogeza mpaka pua yake ikagusa alipochafua, kisha nikakunja gazeti jingine na kumpiga nalo matakoni. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kama mbwa wenyewe walielewa.

Matokeo? Wiki ya kwanza alijisaidia popote. Wiki ya tatu akaanza kujificha. Tukawa tunakuta mambo nyuma ya kochi, chini ya meza ya televisheni, na mara moja ndani ya kiatu changu cha kanisani. Kufikia Februari lilizuka jambo lililonichoma zaidi: nikifungua mlango jioni, Kasi ananijia ameinama, mkia umebanwa kati ya miguu, na hapo hapo mbele yangu anakojoa. Nikaamua kwamba huyu mbwa ana kiburi. Ananisubiri mimi hasa ili anikojolee. Basi nikaongeza kipigo.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuparuka.

Jumamosi moja ya Machi niliingia chumbani kwa mtoto, nikasikia harufu. Nikainama. Chini ya kitanda, kwenye pembe ya mbali kabisa, palikuwa na shuka limekunjwakunjwa, bichi. Nilijua ni nani. Nikamwita Kasi, naye akaja kwa tumbo, maana alishaijua sauti ile. Nikamsukuma pua kwenye shuka, nikakunja gazeti, nikampiga kuliko siku zote.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Hakulia wala hakusema neno. Kikombe kilikuwa kimeinama na chai ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo sakafuni, naye hakuona. Nilidhani anamhurumia mbwa wake. Nikamwambia aende akalete kitambaa apanguse.

Mwezi huo huo mwenye nyumba alituma ujumbe kupitia kwa msimamizi wa jengo. Harufu imefika ngazini; ikifika mwisho wa Aprili nichague mbwa au nyumba. Sikuona kama kuna la kuchagua. Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili 2024 nilimwacha mama watoto akiwa kazini, nikamchukua kijana pamoja na Kasi, tukaenda Rukanga kumrudisha mbwa alikotoka. Kutoka Nairobi mpaka Maungu mtoto hakunisemesha. Alilaza kichwa dirishani, mkono mmoja ndani ya katoni.

Asubuhi ya kwanza kule nyumbani, Kasi alinipa aibu ambayo ukoo wetu utaisimulia mpaka wajukuu. Uwanja mzima ulikuwa wake, udongo mwekundu laini uliolowa mvua, vichaka kila upande. Hakuenda. Alizungukazunguka, akanusa, akalia kidogo. Chini ya mwarobaini alikuwa ameketi baba mdogo, mtu mzima wa heshima zake, akisoma gazeti nililomletea. Alipoliweka chini apokee kikombe cha uji, Kasi alikimbia moja kwa moja, akachutama juu ya gazeti, akamaliza shida zake zote. Ukurasa wenyewe, msomaji, ulikuwa na makala yangu.

Baba mdogo aliutazama ukurasa, akanitazama mimi. "Huyu," alisema, "amesoma."

Watu walicheka mpaka uji ukapoa. Mama peke yake hakucheka sana. Alikuwa ameona jambo jingine. Nilipoinuka nimfukuze Kasi, alijibwaga chini akakojoa tena, tumbo juu.

"Unampiga?" mama aliuliza.

Nikasema namrudi, simpigi.

"Mbwa anayekojoa ukimwendea hakudharau. Anakuomba msamaha, na wewe unampiga kwa kuomba msamaha."

Kisha akanieleza kwa nini Kasi aliukataa uwanja. Watoto wa mbwa wanapozaliwa, alisema, mama yao huwaramba na kula uchafu wao wote, ndiyo maana malalo huwa makavu. Wakifika kama wiki tatu, wakianza kusimama, wenyewe hujikokota watoke nje ya malalo. Watasema hawafunzi kwa fimbo. Hutoka, nao humfuata. Miguu inazoea mchanga, pua inazoea mchanga, na kufikia miezi miwili hawawezi tena kujisikia vizuri mahali pengine.

"Wewe ulimtoa darasani kabla hajafika huko," mama alisema. "Ukamfunza karatasi. Sasa unamchapa kwa hiyo hiyo karatasi uliyomfunza."

Baadaye nilisoma waliyoandika wataalamu wa mifugo, nikakuta mama hakukosea. Kilebu huchagua mahali pa kwenda haja kwa kile anachokanyaga, na uchaguzi huo hujengeka karibu na wiki ya nane au ya tisa. Wao hushauri asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Tena kibofu chake ni kidogo: kwa kukadiria, anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, pengine na moja ya ziada. Kasi tulikuwa tukimfungia ndani tangu saa moja asubuhi mpaka kijana arudi shuleni saa tisa. Hata mbwa mzee angeshindwa. Na kumsukuma pua kwenye uchafu wa zamani hakumfundishi lolote, kwa sababu hana namna ya kuunganisha kipigo cha sasa na kosa la saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kwamba ukiwapo wewe pamoja na uchafu, kuna hatari. Ndipo anaanza kuuficha.

Mafunzo mapya tuliyapata kwa shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, ambaye ni Mdigo wa Kwale. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Nilimwona asubuhi amekaa chini nje ya nyumba, miguu ameinyoosha, mtoto amemweka katikati akiwa amempa mgongo, akimwambia polepole, "Shuuu, shuuu." Mtoto akakojoa mchangani, akabusiwa, akatiwa titi. Shemeji alishangaa kwamba nashangaa. Alianza naye akiwa na wiki chache tu, kama alivyofanyiwa yeye. Jambo hili halijapuuzwa na wasomi: mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu akina mama Wadigo na desturi hii. Watafiti hao waliandika kwamba watoto hukauka mchana na usiku wakiwa na miezi mitano au sita, wakati ambapo wazazi wa Marekani walikuwa wakishauriwa wangoje mpaka mtoto afike kama mwaka mmoja na nusu.

"Si mtoto anayefunzwa," shemeji aliniambia. "Ni mimi niliyejifunza. Najua akijinyonganyonga hivi ana nini. Namuwahi."

Kijana wangu, aliyekuwa amekaa karibu na Kasi mapajani, aliuliza kama mbwa naye anaweza kuambiwa shuuu. Shemeji akacheka, akasema ajaribu.

Tukajaribu. Tulichagua mahali pamoja, kando ya ua wa minyaa, mbali na jiko na kisima. Kasi akiamka, tunampeleka. Akimaliza kula, tunampeleka. Akimaliza kucheza, akianza kunusa chini na kuzunguka, tunampeleka mbio. Tunasimama bila kucheza naye. Akianza tu, kijana anasema "shuuu" kwa sauti ya chini, na akimaliza anampa kipande cha ugali na kumsifu kama mtu aliyepasi mtihani. Sifa zitolewe pale pale, kabla hajaondoka; ukingoja mfike mlangoni, mbwa anadhani anasifiwa kwa kufika mlangoni. Akikosea ndani, hapigwi wala hakemewi. Panafutwa, basi. Siku tatu za kwanza tulitandaza kipande cha gazeti pale uani, kila siku kidogo zaidi, mpaka kikawa ukubwa wa kiganja, kisha kikatoweka.

Haja kubwa kijana aliizika mara moja kwa jembe, kwa amri ya bibi yake. Hapo pia pana sababu: vilebu wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla hayajaweza kumdhuru mtoto anayecheza hapo. Ukiondoa uchafu siku hiyo hiyo umeivunja safari yao. Dawa ya minyoo nayo isisahauliwe, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu.

Ikabaki usiku. Rukanga huwezi kumtuma mtoto nje usiku peke yake. Ndovu hawana ratiba. Kwa hivyo mama aliagiza kwamba saa nne ya usiku na saa kumi na moja alfajiri, mimi na kijana na Kasi twende pamoja na kurunzi. "Na ninyi mkiwa huko huko," aliongeza, kama jambo lililomjia hivi hivi, "mjisaidie."

Sikulielewa. Jioni hiyo, mtoto akiwa amelala, mama alinionyesha blanketi lililoanikwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu apitaye njiani halioni.

"Kila siku tangu mje," alisema. "Huamka mapema akalikunja akalisukuma uvunguni. Mimi nalitoa."

Nikafungua mdomo. Alinikatiza.

"Wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Marehemu baba yako hakukugusa, kwa sababu na yeye alikuwa hivyo, mama yake aliniambia. Blanketi lako nilianika hapo hapo. Hukuwahi kujiuliza kwa nini kamba ile iko nyuma ya jiko?"

Madaktari wana maneno marefu ya kuyasema hayo hayo. Kukojoa kitandani ni kwa kawaida kwa watoto wa miaka mitano, sita, saba, huwapata wavulana kuliko wasichana, hurithiwa. Mtoto hafanyi kusudi, maana amelala. Adhabu haimkaushi. Ila mimi usiku ule sikuwa nawawaza madaktari. Nilikuwa naliwaza shuka la Machi.

Hali ya hewa ikatuongezea siku. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 ziliahirishwa kwa ajili ya mafuriko, hazikufunguliwa mpaka Mei 13. Nikawa natuma makala kwa simu, nikipanda mwinuko kutafuta mtandao, na kila usiku tunatoka watu wawili na mbwa mmoja.

Ilikuwa kama usiku wa kumi. Mvua ilikuwa imekatika, mlima umefunikwa mawingu, mbwa wa upande wa Jora wanabweka kwa mbali kwa namna ile inayokuambia kuna kikubwa kinapita. Nilizima kurunzi tusikilize. Kasi alichutama. Kijana akasema "shuuu", naye akasimama kando yangu, tukaelekea minyaa sote.

"Baba," alisema gizani. "Lile shuka. Hakuwa Kasi."

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba nilikuwa na jibu. Nilisimama tu. Kasi alimaliza, akaja akakaa juu ya kiatu changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Januari.

"Hata mimi nilikuwa nakojoa," nilimwambia mwisho. "Bibi alikuwa anaanika blanketi langu nyuma ya jiko."

Alinyamaza muda mrefu. "Uliacha lini?"

"Darasa la tatu."

Nikamsikia anahesabu. Alikuwa gredi ya pili.

"Basi nina mwaka mmoja," alisema.

Hatukumwacha Kasi Rukanga. Nilimpigia simu mwenye nyumba nikamwomba mwezi mmoja wa majaribio, akaguna, akakubali. Tulirudi na gunia la udongo mwekundu, jambo ambalo utingo wa basi alitutoza nauli yake. Udongo tuliutia katika karai pana kule roshani, na Kasi aliponusa alipanda bila kuambiwa. Juu yake tunamwaga mchanga kila siku tatu. Mchana, kijana wa jirani tunamlipa kidogo ampeleke chini saa tano. Sakafu tulisugua kwa maji ya sabuni, kisha siki, kwa sababu mbwa hurudi anakoisikia harufu yake. Dawa za klorini usimwagie moja kwa moja juu ya mkojo. Mvuke wake hukaba kifua. Na zile zenye amonia ni bure kabisa, zinanukia kama mkojo wenyewe, ni kama umemwandikia karibu. Makosa mawili wiki ya kwanza, moja wiki ya pili, halafu siku zikapita nikasahau kuhesabu. Mwenye nyumba hajarudi kuniuliza.

Kijana naye alikauka polepole, si kwa mwaka mmoja aliojipangia, na kuna usiku uliorudi nyuma, hasa wakati wa mitihani. Shuka likilowa analitoa mwenyewe, analitia kwenye beseni, tunaanika kwenye kamba ya roshani, juu ya karai la Kasi.

Kasi sasa ni mbwa mkubwa. Anakuja kunipokea mlangoni mkia juu, haloweshi kitu. Ila Jumapili nikikaa kochini na gazeti, nikaligeuza na kulikunja katikati ili nisome ukurasa wa pili kama wafanyavyo watu wote, bado huondoka taratibu akaingia chini ya meza. Siku hizi nalitandaza mezani, nasoma nimesimama.